Mifuko Chini ya Macho na Ngozi ya Umri wa Makamo: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Ukishavuka miaka 40, watu huanza kukuuliza kama umelala vizuri hata siku uliyolala kwa muda wa saa nane nzima. Wengi hukimbilia dukani, hununua krimu ya macho ya bei mbaya, hupaka miezi mitatu na uvimbe uko palepale. Mara nyingi krimu yenyewe si mbovu, ila imepakwa kwenye tatizo ambalo hailiwezi. Chini ya jicho kuna mambo manne yanayofanana ukiyaangalia kwa haraka: maji, mafuta, kivuli na rangi. Kila moja lina njia yake, na mafuta hayana dawa ya kupaka hata kidogo. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jipime.

Hatua ya 1: Jipime mbele ya dirisha

Asubuhi, kabla hujanawa uso, kaa ukielekea dirishani na kioo cha mkononi. Zima taa, kwa sababu taa ya darini humwekea kila mtu mifuko. Piga picha kwa simu, kamera ikiwa usawa wa macho, bila flashi. Jioni piga nyingine mahali palepale. Picha hizi mbili ndizo kumbukumbu yako, maana kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko ya polepole.

Maji: bonyeza taratibu palipovimba kwa kidole cha pete, hesabu hadi kumi, achia. Kikibaki kishimo, au uvimbe ukiwa mkubwa asubuhi na kupungua kufikia saa sita mchana, hayo ni maji. Unapolala, maji ya mwilini husogea hadi usoni, na ngozi ya hapo, ambayo ni nyembamba kuliko karibu yote ya mwili, huachia na kutuna. Ukiamka ukasimama, yanashuka yenyewe.

Mafuta: kichwa kikiwa kimetulia, inua macho peke yake uangalie dari. Uvimbe ukituna zaidi, hasa karibu na pua na katikati, ni mafuta. Jicho la kila mtu limezungukwa na mafuta ya kulikinga, nayo yamezuiwa kwa utando mwembamba. Miaka ikienda utando hulegea na mafuta husogea mbele. Uvimbe huu haubadiliki sana kati ya asubuhi na jioni, na mara nyingi ni wa kurithi. Tafuta picha ya mama au baba alipokuwa na umri wako, utauona.

Kivuli: inua kidevu, uso uelekee mwanga. Weusi ukitoweka, kilikuwa kivuli cha bonde linaloanzia kona ya ndani ya jicho na kushuka shavuni. Bonde hilo huongezeka kina kadiri nyama ya shavu inavyoshuka na mfupa ulio chini yake unavyopungua.

Rangi: vuta ngozi kidogo kuelekea sikioni. Weusi wa kahawia ukibaki vilevile, ni rangi ya ngozi yenyewe. Ukielekea zambarau, ni mishipa midogo ya damu inayoonekana kupitia ngozi iliyopungua unene.

Watu wengi wa umri huu wana mawili kwa pamoja, mara nyingi mafuta na kivuli, na maji yakiongezea asubuhi. Andika yako ni yapi, kwa sababu hatua zinazofuata hazimhusu kila mtu.

Hatua ya 2: Hakikisha si ugonjwa

Macho yaliyovimba pamoja na miguu iliyovimba, au mkojo wenye povu jingi kila mara, yanahitaji kipimo cha mkojo, cha damu kuangalia figo, na cha presha, ndani ya wiki hiyohiyo. Figo zinapovujisha protini, uvimbe wa uso asubuhi huwa miongoni mwa dalili za mwanzo. Uvimbe unaokuja pamoja na uchovu, kuhisi baridi kuliko wenzako, kuongezeka uzito na choo kigumu unaweza kuwa wa tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha. Macho yakitokeza nje na moyo kwenda mbio, huenda tezi hiyohiyo inafanya kazi kupita kiasi. Hapo kipimo cha damu cha homoni za tezi ndicho kinachotoa jibu.

Jicho moja likivimba, likawa la moto, likauma unapoligeuza, ukawa na homa au huoni vizuri, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri wekundu: kwenye ngozi nyeusi, wekundu mara nyingi huonekana kama weusi mzito au zambarau. Na ukiona mabaka ya manjano karibu na kona ya ndani ya kope, pima lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Yenyewe hayaumi, lakini kwa baadhi ya watu ni dalili kwamba lehemu iko juu.

Hatua ya 3: Punguza maji

Anza na chumvi ya chakula cha jioni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, zikiwemo zote zilizomo ndani ya vyakula. Wengi huipima ile wanayoitia wenyewe kwenye sufuria na kusahau vidonge vya mchuzi, tambi za haraka, soseji, achari, krispi na ng'onda. Kama unapika na kidonge cha mchuzi, usiongeze chumvi nyingine. Samaki wa chumvi mloweke usiku kucha, ubadilishe maji mara mbili, na umle mchana badala ya usiku. Fanya hivyo wiki mbili, kisha linganisha picha za asubuhi.

Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Mto wa pili unasaidia, ila ukikunja shingo utaamka na maumivu. Afadhali kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa vipande vya mbao vya sentimita 10 hivi. Pombe ya usiku na usingizi wa chini ya saa saba huharibu kazi yote hii.

Asubuhi, loweka kitambaa safi cha pamba kwenye maji ya baridi, kamua, kiweke juu ya macho yaliyofumbwa dakika 10. Asiye na friji atumie maji ya mtungi, yanatosha kabisa. Mifuko ya majani ya chai iliyopoa inafanya kazi pia, na vipande vya tango vivyo hivyo, ingawa kinachosaidia hasa ni ubaridi. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, huiunguza. Jeli yenye kafeini hubana mishipa ya damu kwa saa chache, kwa hiyo ni ya siku ya harusi au ya kikao. Haiponyeshi kitu.

Hatua ya 4: Acha kusugua, na utafute kinachowasha

Sehemu hii watu huipita haraka, nayo kwa ngozi nyeusi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Jicho likiwasha, mtu husugua. Ngozi ikisuguliwa kila siku huvimba, huwa nene na kujikunjakunja, na kila mwasho huacha weusi nyuma yake. Weusi huo huchukua miezi kufifia, na haufifii kamwe kama kusugua kunaendelea. Aliyejipima akakuta rangi aanzie hapa kabla ya kununua chochote.

Chunguza mambo haya kwa mpangilio. La kwanza ni vumbi la kitandani: foronya na shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, mito ianikwe juani. La pili ni moshi wa kuni na mkaa. Ukipikia ndani, sogeza jiko karibu na dirisha au mlango, au pikia nje. La tatu ni rangi ya nywele. Hapa ndipo wenye mvi hukosea. Rangi nyeusi ya nywele, piko na ile inayoitwa hina nyeusi mara nyingi huwa na kemikali iitwayo PPD, na aliyepata mzio nayo anaweza kuvimba kope siku moja hadi tatu baada ya kupaka kichwani, hata kama kichwa chenyewe hakikuwasha. Kwa kuwa siku zimepita, hakuna anayeishuku. Kama kope zako huvimba kila unapoficha mvi, iache rangi hiyo kabisa. Mzio huu huzidi kila unaporudia. Hina asilia, ile inayotoa rangi ya machungwa au kahawia, haina PPD.

Kisha kuna gundi ya kope bandia, rangi ya kucha (vidole hugusa macho mara nyingi kuliko tunavyodhani), na wanja. Baadhi ya wanja wa jiwe unaosagwa na kuuzwa bila lebo umewahi kukutwa na risasi, madini yenye sumu. Tumia wanja wa penseli wenye jina la mtengenezaji na tarehe ya kuisha muda. Usiku uutoe hivi: dondosha mafuta kidogo ya nazi kwenye pamba, iweke juu ya jicho lililofumbwa kwa sekunde 30 wanja ulainike, halafu ufute mara moja kuelekea chini. Ukijikuta unasugua, hukusubiri vya kutosha.

Mwasho wa mzio unaoendelea hutulizwa na setirizini miligramu 10, mara moja usiku, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa figo. Kama una dawa nyingine za kila siku, mwulize mfamasia kwanza. Ikifika wiki mbili bila nafuu, mwone daktari.

Hatua ya 5: Kinga jua, kila asubuhi

Ngozi nyeusi hupata mikunjo kwa kuchelewa, lakini hupata mabaka mapema. Miale ya jua huvunja kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao huongeza weusi kwenye ngozi yenye melanini (rangi ya asili ya ngozi) nyingi. Ndiyo maana krimu ya jua yenye rangi ya ngozi, ambayo rangi yake imetokana na oksidi za chuma, ni bora kwa mwenye mabaka kuliko ile isiyo na rangi: inazuia na mwanga huo pia.

Chagua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, yenye kukinga miale ya UVA na UVB. Kiasi ni mistari miwili iliyojaa, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Wengi hupaka robo ya hapo kisha hulalamika kwamba haifanyi kazi. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje, au mara unapojifuta jasho. Chini ya jicho ipigepige kwa kidole cha pete hadi kwenye ukingo wa mfupa, usiisogeze hadi kwenye kope, itakuchoma. Ikikuacha mweupe kama uliyepakwa unga, huenda ni ya zinki nyingi isiyo na rangi. Badilisha aina, lakini usiiache tabia. Miwani ya jua na kofia pana, au mtandio uliovutwa mbele kidogo, hukinga mahali ambapo krimu haifiki. Pia miwani hukuzuia kukunja macho, na mikunjo ya pembeni mwa macho huanzia hapo.

Hatua ya 6: Usiku, retinoli kidogo kidogo

Kati ya vyote vinavyopakwa, jamii ya vitamini A ndiyo yenye ushahidi mkubwa kwa ngozi iliyopungua unene na mikunjo midogo. Dukani hupatikana kama retinoli. Tretinoini ni kali zaidi na ni ya kuandikiwa na daktari. Anza na retinoli ya asilimia 0.1 hadi 0.3.

Nawa kwa sabuni laini, isiwe sabuni ya mche. Kausha kwa kupigapiga, subiri dakika 10 ngozi ikauke kabisa, kwa sababu ngozi yenye maji hunyonya dawa kwa kasi na kuwasha. Paka losheni yako ya kawaida kwanza. Kisha chukua retinoli kiasi cha punje moja ya mchele kwa kila jicho, uiweke juu ya mfupa unaousikia ukibonyeza, usipite juu ya mfupa huo kuelekea jichoni. Usiku mbili kwa wiki, kwa wiki tatu. Ngozi ikitulia, nenda usiku mmoja ndiyo mmoja hapana. Usitarajie kitu kabla ya wiki 12.

Kinachoharibu hapa ni haraka. Mtu huona wiki ya pili hakuna mabadiliko, anapaka kila siku, ngozi inachubuka, na kwenye ngozi nyeusi mchubuko hugeuka doa. Ikianza kuchoma au kubanduka, acha wiki nzima, paka mafuta ya mgando usiku, kisha urudi kwa mara moja kwa wiki. Mjamzito, au anayeweza kushika mimba, asitumie, na hedhi iliyoanza kuruka miezi haimaanishi mimba haiwezekani. Kwa huyo kuna niasinamidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 4 au 5, ambayo ni ya upole na husaidia weusi.

Vitamini C ya asubuhi ni nzuri, ila joto letu haliipendi. Nunua chupa ndogo ya rangi nyeusi, iweke mbali na dirisha, na ikigeuka kahawia itupe. Gliserini usiipake tupu, changanya matone 2 au 3 na losheni kiganjani, ngozi ikiwa bado mbichi baada ya kuoga. Liwa ipake mashavuni ukipenda, lakini usiifikishe chini ya jicho, kwa sababu ikikauka hukaza, na kuibandua ni kusugua kulekule.

Usipake kabisa

Limau, dawa ya meno, magadi, dawa ya bawasiri na dawa za mafua za kuchua. Limau likipigwa na jua huunguza na kuacha alama nyeusi.

Mkorogo una madhara mazito zaidi. Soma lebo: ukiona hydroquinone, clobetasol, betamethasone, mercury au calomel, irudishe. Krimu isiyo na lebo, iliyochanganywa saluni na kutiwa kwenye kopo, iache hapohapo. Dawa za steroidi, kama hizo clobetasol na betamethasone, huifanya ngozi ya chini ya jicho iwe nyembamba hata mishipa ionekane, yaani hukupa kile ulichokuwa unakikimbia, na zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Zebaki (mercury) huharibu figo. Aliyetumia krimu za steroidi kwa miezi asiache ghafla peke yake, ngozi huweza kulipuka kwa wekundu na vipele. Aende kliniki ya ngozi apunguziwe kwa utaratibu, na aeleze wazi alichopaka. Katika baadhi ya hospitali za mikoa Tanzania kuna wataalamu wa ngozi waliosomea RDTC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, na kesi hizi wanazijua vizuri.

Mabadiliko mengine ya makamo yanayochanganywa na haya

Kwa mwanamke, miaka mitano ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, ngozi hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni yake. Ndiyo maana uso unaweza kuonekana umebadilika ghafla bila wewe kubadilisha chochote. Kipindi hicho losheni nzito isiyo na manukato ni lazima, na sabuni kali ziondoke bafuni.

Vidoti vyeusi vinavyotokeza mashavuni na pembeni mwa macho, vikiongezeka mwaka hadi mwaka, ni vya kawaida sana kwa Waafrika na hurithiwa katika ukoo. Si saratani na haviambukizi. Kosa ni kuvichoma kwa asidi au kuvifunga uzi: vinaacha makovu na madoa. Mtaalamu huviondoa kwa kifaa cha umeme au mkasi mdogo, na vipya vinaweza kuota. Kidoti kimoja kinachokua haraka, kinachotoka damu au chenye rangi nyingi kionwe na daktari.

Hatua ya 7: Ikiwa ni mafuta au kivuli

Ukiwa na kivuli bila uvimbe, kuna sindano ya asidi ya hayaluroniki ya kujaza bonde. Ikikaa juu mno huonekana kama rangi ya bluu chini ya ngozi, na huvuta maji, hivyo mwenye uvimbe wa asubuhi anaweza kuzidi kuvimba. Hatari kubwa, ingawa ni nadra, ni dawa kuingia kwenye mshipa wa damu na kusababisha upofu. Kwa hiyo achome daktari mwenye dawa ya kuiyeyusha mezani pake wakati huohuo, si mtaalamu wa kope bandia.

Mafuta yaliyosogea mbele huondolewa au kupangwa upya kwa upasuaji. Daktari hupasua ndani ya kope la chini, bila kovu la nje, au chini kidogo ya mstari wa nywele za kope kama kuna ngozi ya kupunguza. Michubuko huchukua kama wiki mbili, umbo kamili miezi kadhaa. Mafuta yakitolewa mengi, jicho huzama na kuonekana la mzee zaidi. Ngozi ikikatwa nyingi, kope huvutwa chini na jicho hukauka. Mwambie daktari kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kama una presha, kisukari, tezi au macho makavu, na kama ngozi yako huota makovu makubwa. Usiache dawa hizo kwa uamuzi wako. Mvutaji sigara aache angalau wiki nne kabla.

Peleka zile picha za asubuhi na jioni. Muulize daktari uvimbe wako ni wa aina gani, atatoa mafuta au atayahamisha, ameshafanya wangapi wenye ngozi kama yako, na usiku wa kwanza jicho likiuma kwa nguvu au kuona kukififia utampigia nani. Maumivu makali ya namna hiyo ni dharura ya saa ile ile, kwa sababu damu inayokusanyika nyuma ya jicho inaweza kulipofusha, na namba hiyo uwe nayo kwenye simu kabla hujalazwa mezani.